Usingoje Diploma Ndipo Ujue Haki Yako

Haya ni maneno yaliyotolewa kwenye kikao cha vijana hapa Kitengela. Wengi mliomba yaandikwe, kwa hivyo tumeyaweka karibu kama yalivyosemwa.



Dada zangu, kaka zangu, na wazazi mlioacha kazi mkaja, Allah awalipe kheri. Sitachukua muda mrefu. Nimekuja kujibu swali moja.

Wiki chache zilizopita binti mmoja wa form three alinifuata baada ya darsa. Ana binamu yake Marekani, huko Minneapolis, na wanaongea kila siku kwa simu. Huyo binamu bado yuko high school, lakini tayari anasoma somo la chuo la haki jinai: polisi, mahakama, magereza, vile kesi inaanza mtaani mpaka inafika kwa hakimu. Na lile somo linahesabika mara mbili, shuleni na chuoni. Binti akaniuliza, "Mbona sisi huku hatuna hiyo? Ama mimi nitaanza lini?"

Nilimwambia nitamjibu mbele ya wenzake, kwa sababu najua si yeye peke yake ana hilo swali.

Kwanza, anachosema binamu yake ni kweli. Jimbo la Minnesota lina mpango huo tangu 1985. Mwanafunzi wa sekondari anaruhusiwa kuchukua masomo ya chuo, serikali inalipa, na alama anazopata, wenyewe wanaziita krediti, zinamngoja. Akimaliza shule anaingia chuoni na sehemu ya kazi ameshaimaliza. Watoto wengi wa Kisomali na wa Afrika Mashariki walio kule wamepitia njia hiyo.

Pili, hapa kwetu shule zetu za sekondari hazina mpango kama huo. Nataka niseme wazi, kwa sababu kuna watu wanaokula pesa za wazazi kwa kudanganya juu ya jambo hili. Huku unamaliza kwanza, unapata gredi, ndipo mlango unafunguka. Ukitaka digrii ni C+ ya wastani. Diploma kwa kawaida huanzia C-. Ukitaka kusomea uwakili, C+ peke yake haitoshi, lazima uwe na B ya Kiingereza au ya Kiswahili. Hapo nawaambia, msidharau Kiswahili. Gredi hiyo ya Kiswahili mnayoicheka darasani inaweza kuwa ndiyo inakupeleka law school.

Kwa hivyo jibu fupi la binti wetu ni kwamba karatasi ya chuo utaianza baada ya form four. Lakini elimu yenyewe unaweza kuianza leo. Na sisi wa Kitengela hatuna ruhusa ya kungoja karatasi.

Kwa nini nasema hivyo?

Nyote mnakumbuka Agosti 2024. Tarehe 19 mwezi huo, Jamil Longton na ndugu yake Aslam, watu wa hapa hapa Kitengela, walichukuliwa. Bob Njagi naye akachukuliwa siku hiyo hiyo. Hawakupelekwa kortini. Polisi walisema hawako nao. Siku zikapita, wiki ikapita, watu wanaulizana kimya kimya kama bado wako hai.

Sasa sikilizeni kilichofanyika, maana hiki ndicho somo letu la leo. Chama cha Mawakili cha Kenya kilienda Mahakama Kuu kikaomba amri inaitwa habeas corpus. Maana yake ni rahisi: unayemshikilia mtu, mlete mbele ya jaji ukiwa unaonyesha una haki gani ya kumshikilia. Jaji Lawrence Mugambi aliamuru kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, afike mwenyewe mahakamani. Akaitwa, hakufika. Akaitwa tena, hakufika. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu kifungo cha miezi 6 kwa kudharau mahakama, akampa siku 7 ajitokeze. Tarehe 20 Septemba wale ndugu zetu watatu wakapatikana wako huru. Siku 32.

Mnajua hiyo amri imetoka wapi? Imeandikwa kwenye Katiba ya 2010. Kifungu cha 25 kinataja haki chache ambazo haziwezi kupunguzwa na yeyote, kwa sababu yoyote. Kutoteswa iko hapo. Kesi ya haki iko hapo. Habeas corpus iko hapo. Yaani mtu akikwambia "hii ni mambo ya usalama wa taifa, haki ziko kando," kwenye hiyo amri hana pa kusimama.

Wakubwa zenu hapa wanakumbuka na Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch. Maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingine, wengi wao Wasomali, wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani. Familia zilisimama nje na vyakula, hazijui zimuulize nani, hazijui saa ngapi mtu anaruhusiwa kushikiliwa, hazijui hata neno la kuomba. Siwalaumu. Hakuna aliyekuwa amewafundisha. Lakini nyinyi mkikaa hivyo hivyo, na simu mkononi, na Katiba iko bure kwenye mtandao, hapo tutalaumiana.

Kwa hivyo somo la kwanza la haki jinai nawapa hapa hapa, bila ada. Shikeni kalamu.

Kifungu cha 49. Ukikamatwa, lazima uambiwe sababu, mara moja, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine wa kukusaidia. Hakuna wa kukulazimisha kukiri. Na hata ukikiri, sheria ya ushahidi haiyakubali maungamo uliyompa tu yule askari anayechunguza kesi yako. Yanatakiwa yawe mbele ya jaji au hakimu, ama afisa mwingine mwenye cheo kinachotakiwa, na hapo awepo mtu uliyemchagua wewe mwenyewe.

Saa 24. Lazima ufikishwe kortini kabla saa 24 hazijaisha. Zikiishia wakati korti imefungwa, ni siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana ukikamatwa Ijumaa jioni, usitegemee hakimu kabla ya Jumatatu. Hata kesi za ugaidi, askari wakitaka muda zaidi ni lazima waende wakamwombe hakimu. Hawajipi wenyewe.

Dhamana. Dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiweka pesa taslimu, dai risiti. Hizo ni pesa zako, zinarudi kesi ikiisha kama ulifika kila ulipoitwa. Mzazi akiambiwa "leta kitu kidogo kijana atoke" na hakuna risiti, ajue hiyo siyo dhamana.

Watoto. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata akiwa na ndevu. Katiba inasema asizuiliwe ila ikiwa ni njia ya mwisho, kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya 2022 imesema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai. Kati ya 12 na 14 inachukuliwa kwamba hajui kutofautisha, mpaka korti iridhishwe vingine. Mama ukifika stesheni, neno la kwanza liwe umri wa mtoto, na uwe na cheti cha kuzaliwa au picha yake kwenye simu.

Na kila unaporipoti jambo, uliza namba ya OB. Bila namba ya OB, kesho utaambiwa hukuja.

Sasa mkisema haya, semeni kwa heshima. Elimu hii si ya kugombana na askari barabarani saa tano usiku. Usikimbie, usimsukume, usijifanye wakili. Taja jina lako, uliza unashikiliwa kwa nini, omba kupiga simu, nyamaza. Aliye nje ndiye afanye kazi ya mguu.

Hiyo ndiyo elimu ambayo haina haja ya karatasi. Usiku wa kituo hakuna atakayekuuliza gredi yako.

Nije kwa upande wa karatasi, maana najua mnazitaka, na mna haki ya kuzitaka.

Hapa nitasema langu. Nilipomaliza form four niliona bango, diploma ya criminology, masomo ya jioni, "anza hata kabla matokeo hayajatoka." Nikafurahi. Nikaona nimewahi wenzangu. Mama yangu alikuwa na zamu yake ya chama, alikuwa ameipangia kitu kingine kabisa, akanipa. Nilisoma kwa bidii, wallahi, sikukosa darasa. Nilipomaliza nikabeba cheti changu nikaenda chuo kingine niendelee. Karani akakiangalia, akaangalia orodha yake, akanirudishia. Akaniambia kwa upole tu, "Hawa hatuwatambui." Nilianza upya, siku ya kwanza, somo la kwanza. Diploma niliyo nayo leo ni ya pili. Ile ya kwanza iko kwa mama kwenye droo, hajawahi kuniuliza habari yake, na mimi sijawahi kumweleza yote.

Chuo chenyewe silitaji jina. Kilishafungwa, na leo sikuja kuhukumu mtu. Nataka mchukue funzo. Krediti si kile ulichosoma. Krediti ni kile mwingine atakachokubali kwamba umesoma. Kwa hivyo kabla mzazi hajatoa shilingi, uliza swali moja: nikitoka hapa, nani atanipokea?

Na kuna pa kuulizia. Chuo cha kiufundi au cha diploma, angalia kama kimesajiliwa na TVETA, na kozi yenyewe imeidhinishwa, si chuo tu. Chuo kikuu, angalia kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Halafu kuna KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Hao ndio wanaopanga ngazi za vyeti nchini, na kazi yao moja ni kurahisisha kuhamisha krediti kutoka chuo kimoja kwenda kingine. Ukitoka diploma kwenda digrii unaweza kusamehewa baadhi ya masomo, lakini chuo unachoenda ndicho huamua ni mangapi. Omba wakuandikie. Ya mdomo usiyategemee.

Na mtu akikuambia ukiwa form three kwamba anakupa "nusu ya digrii" kabla ya KCSE, mwambie ahsante, uende nyumbani.

Lakini kuna njia ambazo ni halali na ziko wazi kwenu sasa hivi.

Ya kwanza, nyinyi wa Grade 10, mlioingia senior school Januari 2026. Nyinyi ni wa kwanza kabisa kwenye mfumo huu. Mna njia tatu, na ile ya sayansi za jamii ndiyo ina historia na uraia, ina lugha, ina IRE. Mtoto anayependa haki asione haya kuichagua eti kwa sababu jirani ameenda STEM. Na nyote, njia yoyote mtakayochukua, mna lile somo la lazima la kujifunza kwa kuhudumia jamii, CSL. Wengi watapanda miti na kuokota takataka. Ni vizuri, ni sadaka. Lakini kwa nini kikundi kimoja cha hapa Kitengela kisichukue haki za anayekamatwa kuwa mradi wake? Mkae na mwalimu, mtafsiri Kifungu cha 49 kwa Kimaa na Kisomali, mkifundishe stendi ya boda boda na msikitini. Mwisho wa mwaka una kazi yenye ripoti, sahihi ya mwalimu na watu waliosaidika. Ukienda kuomba nafasi popote, hicho ni kitu cha kuonyesha.

Ya pili, korti. Kesi husikizwa hadharani, ni haki ya kikatiba. Panda matatu likizo hii, barabara ya Namanga, upite Isinya mpaka Kajiado mjini, uingie mahakamani, ukae kimya nyuma na simu umezima. Kesi za watoto hutaruhusiwa, na ni sawa. Zingine keti uone. Utaona mshtakiwa anasomewa mashtaka haelewi, anaitikia tu. Utaona kijana wa umri wako amekosa dhamana ndogo, anarudishwa rumande. Utaona pia hakimu anayesikiliza kwa subira na mwendesha mashtaka anayeondoa kesi dhaifu. Siku tatu hivi zitakufundisha kuliko video mia. Andika ulichoona kwenye daftari.

Ya tatu, usaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa sheria, maparalegali, walioidhinishwa na wanaofanya kazi chini ya wakili au shirika. Hawasimami kortini badala ya wakili, lakini wanafundisha, wanaelekeza, wanafuatilia. Ukifika miaka 18, hiyo ni hatua ya kweli. Kabla ya hapo, unaweza kuwasindikiza na kujifunza.

Na msifikirie haki jinai ni kuwa karao tu. Hata ukiwa karao, alhamdulillah, tunahitaji askari wanaomcha Mungu. Lakini kuna mpelelezi, mwendesha mashtaka, afisa wa probesheni, afisa wa magereza, afisa wa watoto, karani wa mahakama. Na kuna mkalimani. Katiba inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya korti. Hapa Kajiado kuna mtoto anaamka akiongea Kimaa, anacheza kwa Kiswahili, anasoma kwa Kiingereza, na jioni madrasa anasoma Kiarabu. Mwingine nyumbani ni Kisomali. Huyo mtoto ana kitu ambacho korti inakitafuta, na yeye anadhani hana kitu.

Kuna wanaoniuliza kuhusu sharia, kwamba si tungesoma hiyo tu? Someni. Chuo Kikuu cha Umma kiko hapa hapa Kajiado, na ni urithi wetu. Lakini tusijidanganye. Katiba imempa kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, tena pale pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Jinai haiko kwa kadhi. Kijana wako akikamatwa anaenda kwa hakimu wa kawaida, na huko hatuna watu wa kutosha wanaojua njia. Tunahitaji wa kadhi na tunahitaji wa hakimu.

Nimalizie. Mnaijua Sura An-Nisaa, aya ya 135. Nendeni nyumbani mkaisome na tafsiri yake, pole pole. Inatuamuru uadilifu hata pale unapotugusa sisi wenyewe, wazazi wetu na jamaa zetu. Kwa hivyo hatujifunzi sheria ili kumficha mwizi kwa sababu anaswali na sisi. Tunajifunza ili aliyekosa ahukumiwe kwa haki, na asiyekosa asipotee.

Kwa binti wetu aliyeuliza: mwambie binamu yako wa Minneapolis tunamwombea, na amalize. Na wewe, krediti yako ya kwanza ni hii. Wiki hii keti na mama yako, baba yako na ndugu zako, muandike kwenye karatasi: tukipigiwa simu usiku kwamba mmoja wetu ameshikwa, nani anaenda stesheni, nani anatafuta wakili, cheti cha kuzaliwa kiko wapi, na saa 24 zinaanza kuhesabiwa lini. Bandikeni nyuma ya mlango. Ukimaliza, nenda kwa jirani, mfanyie hivyo hivyo.

Nyote mliobaki, fanyeni kama yeye. Na aliye na mtoto anayetaka kujiunga na chuo chochote, atuandikie inboksi kabla ya kulipa. Tutaangalia pamoja kama kimesajiliwa. Haina malipo, na hakuna swali la kuonea aibu.

Allah atujaalie tuwe watu wa haki, awalinde vijana wetu wanapotoka na wanaporudi, na awafungulie njia wale waliofungwa bila kosa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.